Soma Ubavu Kabla ya Kuuliza Bei

Mzee kwado, fundi wa kuziba matairi, aliinama, akafuta vumbi jekundu kwa kitambaa, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa tairi langu, kisha akanyamaza kidogo. Tulikuwa kando ya barabara ya Kasenga, njia ambayo magari ya samaki kutoka mto Luapula hupita yakiingia Lubumbashi. Nyuma yake kompresa ilinguruma. Tairi kuukuu la lori lilikuwa limetundikwa mtini, na hilo ndilo lilikuwa tangazo la kazi yake.

“Mtoto yangu,” akasema, “hii pine ingekuwa mtoto, sasa iko mu darasa la pili.”

Sikumwelewa. Tairi hilo, ambalo huku kwetu wengi huliita pine, nilikuwa nimelinunua Juni 2023, na siku hiyo ilikuwa Oktoba ya mwaka huohuo. Vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi jipya hutoka navyo kiwandani vilikuwa bado havijaisha kukatika. Dukani niliambiwa ni jipya, na mimi mwenyewe niliona ni jipya. Mzee akanionyesha kiduara chembamba karibu na janti, na ndani yake tarakimu nne: 2716. Wiki ya 27 ya mwaka 2016. Tairi langu lilizaliwa Julai 2016. Kwa miaka saba lilikaa kwenye makontena na maghala huku mpira wake ukikauka polepole, mpaka lilipokutana na jiwe la ukubwa wa ngumi pale lami inapokwisha. Jiwe likachana ubavu kama kisu kinavyopasua embe.

Ubavu ukichanika haushoneki. Kwado mwaminifu hukuambia hivyo mara moja, na huyu aliniambia. Nilinunua tairi jingine kwa dola ambazo sikuwa nimezipanga, na tangu siku hiyo kila ninapomwona mtu anachagua matairi ya gari lake kubwa kwa kutazama meno tu, natamani kumshika mkono.

Maana hivyo ndivyo tunavyochagua. Mtu ana Hilux, Prado, Patrol au Land Cruiser ya kazi. Matairi ya zamani yamekuwa laini kama kipara. Anaingia dukani, anaonyeshwa ukutani matairi ya kila namna, na jicho linaenda moja kwa moja kwenye lile lenye meno makubwa, lenye sura ya trekta. Anauliza bei, anaomba ipunguzwe, anafungiwa, anaondoka amefurahi. Hakuna aliyemuuliza anapita wapi, anabeba nini, wala tairi hilo lina umri gani.

Tuanze na anapopita. Jumatatu hadi Ijumaa gari la mkazi wa Lubumbashi huwa liko juu ya lami: barabara ya Laurent-Désiré Kabila, njia ya Kasapa, mizunguko ya katikati ya mji, foleni za asubuhi, na mashimo ambayo kila dereva anayajua kwa moyo. Mara mbili tatu kwa mwezi linakwenda Likasi, kilomita kama 120, au Kasumbalesa mpakani, kilomita kama 90, likipishana na malori ya shaba na matangi ya tindikali. Jumamosi linakwenda shambani, au kwa wazazi kijijini, au kwenye kazi ya mgodini. Hapo ndipo lami inakwisha na udongo mwekundu unaanza, pamoja na changarawe kali, mawe meupe ya kwatzi yenye makali kama chupa iliyovunjika, na ile mikunjo ya barabara inayofanana na bati la nyumba ambayo hutikisa gari mpaka meno yanagongana. Mvua zetu huanza Novemba hivi na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo njia ileile ya vumbi hugeuka utelezi mwekundu, na kwenye dambo, yaani bonde la majimaji, udongo mweusi hushika gurudumu na kukataa kuliachia.

Ukihesabu kwa haki, dereva wa kawaida wa mji huu hukanyaga matope ya kweli siku chache sana katika mwaka. Mawe hukanyaga kila wiki. Joto na mzigo huwa navyo kila siku. Kwa hiyo anayenunua tairi kwa kuogopa matope, akasahau jiwe na mzigo, amejikinga na adui mdogo na kumwachia mkubwa mlango wazi.

Matairi ya magari haya yako ya aina tatu, na herufi zake huandikwa ubavuni. H/T ni la lami: mifereji yake ni myembamba, halina kelele, linashika breki vizuri kwenye barabara iliyolowa. M/T ni la matope: meno makubwa, nafasi pana katikati yake, linalia barabarani kama ndege inayojiandaa kuruka uwanjani Luano, na kwenye lami yenye maji linachelewa kusimama. Katikati yake kuna A/T, tairi la njia zote, ambalo limejaribu kuwapatanisha hao wawili. Kampuni ya Marekani BFGoodrich ilitoa tairi lake la radial la namna hii mwaka 1976, na leo karibu kila kampuni kubwa ina lake: Bridgestone ana Dueler, Yokohama ana Geolandar, Cooper ana Discoverer, General ana Grabber, Toyo ana Open Country, na viwanda vya China vimejaa sokoni kwa bei ya chini. Yapo ya China yanayofanya kazi vizuri, na yapo ya majina makubwa yaliyochakaa ghalani kama langu. Jina peke yake halitoshi.

Kabla ya kusoma ubavu, inafaa kujua kilichomo ndani ya tairi, kwa sababu hapo kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa Katanga kuliko karibu mtu yeyote duniani.

Chini ya meno ya tairi la radial, ubunifu ambao Michelin wa Ufaransa aliuwekea hataza mwaka 1946, kuna mikanda ya nyuzi za chuma. Chuma na mpira havipendani. Ukimwaga mpira juu ya waya mtupu, utabanduka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa. Kwa hiyo kiwandani kila uzi wa chuma huvikwa utando mwembamba sana wa shaba iliyochanganywa na zinki. Tairi linapopikwa, salfa iliyomo ndani ya mpira huikamata ile shaba, na papo hapo mpira na chuma vinakuwa mwili mmoja. Ili muungano huo usivunjwe na joto na unyevu, watengenezaji wengi huongeza chumvi za kobalti kwenye mpira unaozunguka waya. Na ili mpira wenyewe ukomae katika kupikwa, huwekwa oksidi ya zinki.

Shaba, kobalti, zinki. Msomaji wa Lubumbashi ameyasikia majina haya matatu tangu utotoni. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi hii, na sehemu kubwa yake ni hapa na kule Kolwezi. Zinki iko Kipushi, kilomita kama 30 kutoka mjini, katika mgodi uliofunguliwa mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa madini mwaka 2024. Vitu vinavyoshikilia tairi lisisambaratike kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni vitu vinavyopita mbele ya macho yetu kila siku juu ya malori yanayoelekea Kasumbalesa. Vinaondoka vikiwa madini, na baadhi yake huenda vinaturudia ndani ya makontena ya matairi kupitia Dar es Salaam au Durban.

Hata mpira wenyewe una historia na Congo, historia chungu. Dunlop alipotengeneza tairi lake la hewa kule Belfast mwaka 1888, dunia ilianza kuwa na njaa ya mpira, na njaa hiyo ikawaangukia watu wa Équateur na Kasai chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, waliolazimishwa kukamua mitambaazi ya msituni kwa viboko, kwa kushikiwa wake zao na kwa kukatwa mikono, mpaka mwaka 1908 nchi ilipoondolewa mikononi mwake. Nayataja haya kwa sababu naona ni aibu kwa taifa lililolipa gharama hiyo kuuziwa leo tairi lililooza na kunyamaza kwa kutojua kusoma tarakimu nne.

Sasa turudi kwenye ule muungano wa mpira na chuma, maana kifo cha matairi mengi ya Katanga huanzia pale. Mwezi wa Agosti, katika kiangazi, jiwe la kwatzi linakata meno ya tairi. Mkato ni mdogo, hautoi hewa, dereva hauoni. Lakini kama umefika kwenye waya, mlango umefunguka. Novemba mvua inanyesha. Maji yanaingia, waya unaanza kushika kutu, na kutu inakula ule utando uliounganisha chuma na mpira. Januari mkanda unaanza kubanduka ndani kwa ndani. Unaanza kuhisi usukani unatetemeka, unafikiri ni ekilibraje, yaani usawazishaji wa magurudumu, unaweka vipande vya risasi kwenye janti, unaendelea. Kisha nundu inatokea juu ya tairi. Siku moja kati ya Likasi na Fungurume, gari limejaa, jua kali, tairi linavua ngozi yake yote kwa mara moja. Yule aliyepoteza gari, au mtu, atasema lilipasuka ghafla. Safari ya kupasuka ilianza zaidi ya miezi mitano kabla.

Ndiyo maana ninaposema chagua tairi la njia zote, ninamaanisha kwanza lile ambalo mpira wake unakataa kukatwa na ambalo ubavu wake ni mnene. Ukilishika dukani, bonyeza ubavu kwa kiganja: wa tairi la mjini unaitika kirahisi, wa tairi la kazi ni mgumu kama ubao. Baadhi ya A/T zina tabaka tatu za nyuzi ubavuni badala ya mbili au moja. Tazama pia chini ya mifereji, katikati ya meno: kama kuna vituta vidogo vya mpira vimesimama, kazi yake ni kutema mawe yasikae humo na kutoboa kuelekea kwenye waya. Vituta hivyo ni vidogo kama punje za mahindi, na mimi huvithamini kuliko sura yote ya tairi.

Halafu soma. Chukua mfano wa tairi ambalo magari mengi ya hapa huvaa: 265/70R16 112S. Tarakimu 265 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, asilimia 70 ya upana huo. R ni radial. 16 ni kipenyo cha janti kwa inchi. Haya kila mwuzaji anayajua. Kinachopitwa haraka ni 112S. S ni mwendo: kilomita 180 kwa saa, ambao hakuna anayeuhitaji katika barabara zetu. Lakini 112 ni mzigo: tairi hilo limepimwa kubeba kilo 1,120 likiwa na presha kamili. Tairi lenye 115 linabeba kilo 1,215. Lenye 121 linabeba kilo 1,450. Herufi LT zikitangulia vipimo, ujue limejengwa kwa gari la mizigo: nyuzi nene zaidi, uzito zaidi, bei zaidi.

Sasa jiulize unabeba nini. Mifuko ishirini ya saruji ni tani moja kamili, na karibu yote inakaa juu ya ekseli ya nyuma. Ongeza uzito wa gari lenyewe unaoangukia nyuma, watu wanne, madumu ya mafuta, na shimo moja ambalo hukuliona. Nimeona Hilux zikitoka kwenye maghala ya saruji pua ikitazama juu, matairi ya nyuma yamejibana kama yanaomba msamaha, na ubavuni yameandikwa namba za gari la familia. Dereva huyo hahitaji meno makubwa. Anahitaji 121, au apunguze mifuko.

Kwa upande mwingine, asiyebeba chochote asijitwike tairi la LT bila sababu. Ni zito, mara nyingi huvuka kilo 20 kwa kila moja katika vipimo hivi, injini inalisukuma kwa mafuta ya ziada, gari linakuwa gumu, na mgongo wa mama mzee aliyeketi nyuma utakueleza. Pia LT linataka presha zaidi kuliko tairi la kawaida ili kubeba uzito uleule. Wengi hawalijui hilo. Wanafunga LT, wanalijaza kama lile la zamani, na tairi lenye nguvu linaharibika kwa kukosa hewa.

Kuna alama nyingine ambayo nimeona wauzaji wakiisifu: mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Inaonyesha kwamba tairi limefaulu majaribio ya theluji. Ni alama ya heshima huko Canada. Hapa kwetu isikuongezee hata dola moja.

Kuhusu ukubwa, nina neno la kuwatuliza wanaohangaika. 265/70R16, 265/65R17 na 265/60R18 zina kimo kimoja kinapopimwa kutoka ardhini hadi juu: zote ni kama milimita 776, tofauti yake ni milimita moja au mbili. Kinachobadilika ni janti na ubavu. Kadiri janti linavyokuwa dogo, ndivyo ubavu wa mpira unavyokuwa mrefu na ndivyo janti linavyokuwa mbali na jiwe. Kwa njia ya Kasenga ningechagua janti la 16 kabla ya la 18 bila kufikiri mara mbili, hata kama la 18 linang'aa zaidi mbele ya kanisa siku ya Jumapili.

Lakini kuruka kutoka 265/70R16 kwenda 285/75R16 ili gari lionekane refu ni jambo lingine. Kimo kinapanda kwa asilimia saba. Kipima mwendo kikionyesha 100, wewe unakwenda 107. Gia zinakuwa nzito, breki zinapata kazi zaidi, tairi linagusa bodi ukikata kona shimoni. Mtengenezaji wa gari alikuwa na sababu zake. Na wenye Land Cruiser za kazi zenye 7.50R16, zile nyembamba, wasione haya. Tairi jembamba hupasua utelezi wa juu na kutafuta udongo mgumu ulio chini, na kwenye njia zetu nyingi ugumu huo upo. Tairi pana linafaa mchangani, na sisi hatuishi ufukweni.

Matairi yote manne yawe ndugu: aina moja, kipimo kimoja, uchakavu unaokaribiana. Prado na magari mengine yanayosukuma magurudumu manne muda wote hayapendi mawili mapya na mawili yaliyoisha, kwa sababu yanazunguka kwa hesabu tofauti na difrensho ya katikati ndiyo inayolipa tofauti hiyo, saa baada ya saa, mpaka mafuta yake yanaungua. Kama fedha za manne hazipo, subiri kidogo uzikusanye kuliko kununua moja moja kila mwezi. Ukishayafunga, fanya paralelismu, yaani kunyoosha magurudumu, na kila kilomita 10,000 au pungufu yabadilishane nafasi, pamoja na lile la akiba. Yule mzee kwado anasema katika magari yenye usukani wa kulia, ambayo yamejaa mjini kwetu ingawa nchi huendesha upande wa kulia, huyaona matairi ya mbele kulia yakija na majeraha mengi: dereva ameketi ukingoni mwa barabara, na ukingo wa lami iliyovunjika ni msumeno. Nimeanza kuyachunguza ya marafiki zangu, na naona anasema kweli.

Nije kwenye matairi ya okazio, yaani yaliyokwisha kutumika. Najua kwa nini yanunuliwa. Mshahara umechelewa, gari ndilo linaloleta chakula, na pale kando ya barabara kuna tairi la Kijapani lenye meno ya kutosha kwa robo ya bei. Siwezi kumlaumu baba wa watoto watano. Ila aelewe anachonunua. Mengi ya hayo yalivuliwa huko yalikotoka kwa sababu ya umri, na jua la njiani limeyamalizia. Mengine hupakwa rangi nyeusi yang'ae. Na nimemwona kwa macho yangu kijana mwenye kisu cha moto akichonga mifereji mipya katika tairi la gari dogo lililokwisha, kwa ustadi ambao ungemfaa seremala. Mkono wake ni mzuri, lakini kila milimita aliyochonga aliitoa juu ya waya. Anayenunua tairi hilo ananunua meno yaliyokopwa kutoka kwenye uhai wake.

Ukilazimika, basi fanya haya kwa dakika tano. Tafuta tarakimu nne, na ukizikosa upande wa nje ingia upande wa ndani, maana matairi mengi huandikwa tarehe upande mmoja tu. Zaidi ya miaka sita, liache. Kunja ubavu na utazame kama kuna nyufa ndogo kama za udongo wa bwawa lililokauka. Ingiza mkono ndani na upapase: vumbi la mpira, mkunjo au kiraka kikubwa ni habari mbaya. Kisha pima kina. Ulaya hutumia sarafu. Sisi fedha zetu ni noti tupu, kwa hiyo chukua njiti ya kiberiti, ichomeke ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha na uipime kwa rula ya mtoto wa shule. Nchi nyingi zimeweka mwisho kuwa milimita 1.6. Kwa mvua za Januari za hapa, mimi nasema ikifika 3 ubadili, kwa sababu chini ya hapo mifereji haimezi tena maji na gari linaanza kuelea juu yake.

Presha ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Katika kibao kilichobandikwa mlangoni mwa dereva utakuta namba mbili, gari tupu na gari lililojaa. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Juni na Julai asubuhi zetu ni za baridi ya kuvaa koti, na Oktoba mchana ni tanuri. Kila nyuzi joto 10 hubadilisha presha kwa takriban sehemu moja ya kumi ya baa, yaani ile ambayo kwado anaiita kilo. Aliyejaza Oktoba saa nane mchana akasahau, Juni atakuwa anaendesha matairi yaliyolegea bila kujua. Na tairi lililolegea likibeba mzigo juu ya lami ya moto, ubavu hujikunja na kujikunjua mara mamia kila dakika, joto linapanda, na ule muungano wa mpira na chuma unaachana. Kipimo kidogo cha presha ni kidogo kuliko simu. Kikae ndani ya gari.

Kama ningeulizwa leo na jirani mwenye Prado anayekaa mjini na kwenda shambani Jumamosi, ningemwambia: A/T ya meno ya wastani, kipimo kilekile gari lilichotoka nacho, namba ya mzigo isiyopungua ile ya kwanza, ubavu mgumu, umri usiozidi miaka miwili. Mwenye Hilux ya saruji au ya mkataba wa mgodi, LT yenye 121, presha ya kutosha, na roho ya kukataa mfuko wa ziada. Anayekwenda Pweto au Kundelungu kutazama maporomoko ya Lofoi katikati ya mvua, huyo peke yake ndiye ningemruhusu kufikiria M/T, na hata yeye ningemwomba awe na janti za pili za kurudia mjini. Na kila mmoja wao ningemwambia asimame mbele ya mwuzaji na aseme kwa adabu: “Papa, kabla ya bei, nionyeshe tarehe.” Mwuzaji mwema atainama mwenyewe kuitafuta.

Siku ile ya Oktoba, baada ya mzee kunisomea tairi lililokufa, nilimwomba anisomee na lile la akiba lililonifikisha kwake. Aliingia chini ya gari na tochi ya simu, akatoka akipangusa magoti. Lilikuwa la mwaka 2008, mwaka uleule gari lilipotoka kiwandani Japani. Lilikuwa limening'inia chini ya gari miaka kumi na mitano, na hakuna mtu aliyelitazama. Mvua inaanza Novemba; kabla haijaanza, piga goti upande wa nyuma wa gari lako, na uanze na tairi la akiba.